Tetemeko la Shōgun si ujanja wa mwandishi

Ukitazama Shōgun ya 2024, sehemu ya tano, unaweza kuguna: ardhi inatikisika ghafla, mlima unaporomoka na kuwafukia askari wa Toranaga. Mwandishi kajirahisishia kazi? Mimi nabisha. Hadithi ni ya mwaka 1600. Mwaka 1596 tetemeko lilibomoa ngome ya Hideyoshi kule Fushimi, Kyoto. Chini ya Japani bamba la Pasifiki na la Bahari ya Ufilipino yanazama, yakiikandamiza nchi mpaka nyufa za bara zinafyatuka.

Lawama yangu ni nyingine. Toranaga anafukuliwa, anapewa panga, hadithi inasonga. Waliofukiwa wanabaki hesabu tu ya jeshi lililopungua. Ardhi yenyewe haisahau upesi hivyo: mitetemo midogo hufuata kwa wiki kadhaa.