Punje Inayoelea

Mfuko wa chakula cha samaki hauna la kumvutia mpita njia. Ni punje za rangi ya kahawia zenye harufu ya dagaa, na maandishi machache ubavuni: protini asilimia 30, milimita 3, cha kuelea. Mfugaji wa sato huchota kwa kopo, hurusha juu ya kizimba na kutazama samaki wakigombania. Akifungua mfuko mwingine mwezi ujao anataka punje zilezile, ukubwa uleule, zielee vilevile. Hataki kujua zaidi, wala halazimiki. Lakini kila kilichoingia ndani ya punje hizo kitakuwa kimebadilika, na wapo watu wanaofanya kazi usiku na mchana ili yeye asigundue.

Tuanze na dagaa. Katika Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukipevuka taa haziwavuti tena na mitumbwi mingi hubaki ufukoni. Kwa hiyo anayenunulia kiwanda pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, huhesabu siku za mwezi kabla ya kuhesabu pesa. Halafu kuna masika. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa huoza nusu, na hao ndio wanaosukumwa upande wa chakula cha mifugo. Upande wa Kenya uvuvi wa dagaa, ambao huko huitwa omena, hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, ilhali samaki wa kwenye vizimba hawana mwezi wa kufunga midomo.

Tena dagaa hao wana walaji wengine wenye haki zaidi, yaani sisi. Waliokaushwa juu ya chanja, safi, weupe, hupakiwa kwenda kuliwa, wengine hadi Kongo. Mnunuzi wa kiwanda huangukia waliokaushwa mchangani, na hapo macho yake huanza kazi. Mkono wake huzama ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, maana kila muuzaji hupamba juu. Humtoa mmoja na kumvunja: mkavu hukatika kwa mlio, mwenye maji hupinda. Hunusa kama mafuta yamechacha. Mwisho huchota kiganja kimoja, hukitia kwenye ndoo ya maji, hukoroga, humimina taratibu, kisha hupapasa chini ya ndoo kwa vidole. Mchanga uliobaki hapo ni hasara mara mbili: ameulipia kwa bei ya dagaa, na kesho utakwangua skrubu ya mashine.

Mtu atauliza, maabara je? Ipo, na inasaidia. Kipimo cha protini kinachotumika sana kilibuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg huko Copenhagen. Hupima naitrojeni, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25. Shida ni kwamba hakiulizi naitrojeni imetoka wapi. Mjanja akitia urea kidogo kwenye unga wa samaki, karatasi itasoma protini tele. Dunia ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2008, maziwa ya watoto yalipotiwa melamini nchini China kwa hila hiyohiyo. Ndiyo maana mwenye kiwanda makini hasomi cheti cha muuzaji mpaka pua imekwisha kusema.

Dagaa ni ghali, hivyo sehemu kubwa ya protini hutoka shambani. Soya kwanza. Mbichi ina vizuizi vinavyomzuia samaki kuimeng'enya, kwa hiyo lazima ipate moto. Ikizidi moto, lisini yake, kijenzi muhimu cha protini, huharibika na mfugaji amelipia protini isiyojenga mwili. Kati ya mbichi na iliyoungua pana nafasi ndogo, na wazoefu huitafuta kwa ulimi: ladha ya maharage mabichi ikiisha, kabla ya uchungu wa kuungua kuanza, zima moto.

Mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma yana ukaidi wa aina nyingine, nao ndio unaonistaajabisha kuliko yote. Kiwanda kikubwa hukamua mafuta karibu yote. Mashine ndogo za mitaani huacha mengi ndani ya mashudu. Kwa jicho magunia mawili hayo yanafanana. Lakini mafuta yakizidi, hulainisha njia ndani ya mashine, msuguano hupungua, joto hushuka, unga hauivi sawasawa, na punje zikitoka huzama. Mteja atalalamika kwamba chakula kimechakachuliwa, kumbe shida ilianzia kwa mkamuaji wa mafuta aliyekuwa na mashine iliyochoka.

Twende kwenye mashine yenyewe. Mchanganyiko uliosagwa laini hutiwa maji na mvuke hadi kufikia unyevu wa karibu robo ya uzito wake, kisha skrubu huusukuma ndani ya bomba nene la chuma. Joto hupita nyuzi 120, lakini maji hayachemki kwa sababu yamebanwa. Wanga wa mahindi au wa udaga, yaani muhogo mkavu, huiva na kuwa ute unaonata. Mwisho wa bomba kuna sahani ya chuma yenye matundu. Unga unapopenya kwenye tundu, shinikizo hukatika ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo, na punje huvimba kama bisi, huku kisu kinachozunguka kikiikata. Vyumba vidogo vya hewa vilivyobaki ndani yake ndivyo vinavyoifanya ielee.

Fundi aliyesimama hapo ana saa na vipimo vya joto, lakini mtazame anachofanya. Hukinga punje kwa kiganja zikiwa bado moto. Huipasua moja kwa ukucha na kutazama matundu ya ndani: yakiwa madogo na ya kulingana hutikisa kichwa kwa kukubali na kuendelea, yakiwa makubwa ya ovyo, punje itavunjika njiani na kuwa vumbi lisiloliwa. Hurusha kiganja kimoja ndani ya ndoo. Zikizama tano anaongeza mvuke kidogo, au anapunguza kasi ya kulisha unga. Husikiliza kisu, kikianza kupiga kelele ya kukwaruza, makali yamekwisha. Anafanya yote hayo huku akizungumza na wewe habari za mpira.

Kuelea si urembo. Mfugaji anaona samaki wanavyokula, na wakiacha, naye anaacha kurusha. Chakula kinachozama bila kuliwa huoza chini na kunyang'anya maji oksijeni. Kwa kuwa chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, tofauti kati ya kilo moja na nusu ya chakula kwa kilo ya sato na kilo mbili na nusu ndiyo tofauti kati ya kusomesha mtoto na kufunga biashara.

Kwa kamba mambo hugeuka. Kamba hula chini, tena polepole, akishika punje kwa miguu na kuitafuna kidogo kidogo. Kwa hiyo chakula chake lazima kizame na kikae saa kadhaa bila kumumunyuka. Viwanda vya Ecuador, nchi inayoongoza kuuza kamba nje, husaga unga laini mno na kutia vya kugandisha ili kufanikisha hilo.

Mtandao huu wote una mikono mirefu. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa kuvua anchoveta, samaki wanaosagwa kuwa unga, katika eneo lake la kaskazini na kati kwa sababu samaki wachanga walikuwa wengi mno, na bei ya unga wa samaki duniani ikapanda. Chakula cha kuelea nacho kina ubishi wake barabarani: kimejaa hewa, lori hujaa kabla halijafikia uzito wake, na unalipia kusafirisha upepo. Hesabu hiyo inaeleza vizuri kwa nini kampuni ya chakula cha samaki ya Aller Aqua ya Denmark ilifungua kiwanda Siavonga, Zambia, mwaka 2017, jirani na vizimba vya Ziwa Kariba, badala ya kutegemea meli kutoka Ulaya.

Kwa kiwanda kidogo cha Mwanza hakuna meli wala Denmark. Kuna magunia ya mashudu yaliyoshushwa asubuhi, kutoka kwa mkamuaji mpya. Fundi anachota kidogo, anafinya kati ya karatasi mbili, anaangalia doa la mafuta linavyotanuka. Anamwita anayepima: mashudu yapunguzwe kilo nne kwenye kila mchanganyiko, soya ipande tatu, udaga uongezwe moja. Wateja wa Sengerema wanakuja kuchukua mzigo Ijumaa.