Pongezi kwa Watengeneza Vidonge

Stendi ya Msamvu, Morogoro, msafiri anayeumwa kichwa hununua parasetamoli, humeza na kukimbilia basi la Dodoma. Anayestahili shukrani hayupo dukani. Yuko kiwandani, pengine Keko au Shelys, Dar es Salaam.

Dawa haiingii mashineni hivi hivi. Unga wake huchanganywa na wanga, hulowanishwa kwa gundi, hukandwa kama wa chapati, hupitishwa kwenye chekeche na kukaushwa. Taabu yote hiyo ya nini? Unga laini hautiririki sawasawa, na tundu la mashine likijaa nusu, mgonjwa amepunjwa dozi. Chembechembe zinazotoka kwenye chekeche hutiririka. Huongezwa stearati ya magneziamu kidogo ili kidonge kisinate, kisha vibanio viwili vya chuma, cha juu na cha chini, hukikandamiza. (Hataza ya mbinu hiyo, ya 1843, ilikuwa ya William Brockedon, mchoraji wa Uingereza aliyetaka pia kubana grafaiti ya penseli!)

Ninachokistahi zaidi ni upimaji. Hupimwa uzito, hupimwa ugumu, kisha vidonge hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi joto 37, joto la mwili. Visivyopakwa chochote hupewa kwa kawaida dakika 15 kusambaratika. Vikigoma, toleo zima la vidonge hivyo halitoki kiwandani.