Jina la Mchungaji, Nani Apewe?

Siku hizi jina la mchungaji limekuwa rahisi mno. Mtu huhubiri majuma mawili chini ya mwembe, na juma la tatu twaona bango njiani lenye picha yake, naye aitwa Mchungaji. Mwaka haujaisha, amekwisha kuwa Askofu, pengine Mtume. Hatuandiki haya ili kumcheka mtu ye yote, wala kulisifu dhehebu moja juu ya jingine. Twaandika kwa sababu jina hili likipotewa na maana yake, watakaoumia ni kondoo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wakatoliki husema padre, neno lililoletwa na Wareno. Waanglikana hutumia kasisi, neno lililotoka katika Kiarabu. Walutheri, Wamoravian na wengine wengi husema mchungaji, na katika majina haya matatu hili peke yake halikuja kwa jahazi. Hata mtoto ajua maana yake, maana huenda ndiyo kazi apewayo na baba yake asubuhi. Wala hatujasikia mtu akiitwa mchungaji naye hana hata mbuzi mmoja wa kuchunga. Mchungaji wa kweli huwajua wanyama wake kwa rangi na kwa pembe. Jioni waingiapo zizini hutazama tu, akajua ni yupi ambaye hakurudi. Na fisi akimkamata ndama, watu huuliza nani alikuwa malishoni siku ile.

Tukisoma Agano Jipya kwa makini twaona jambo la kutufikirisha. Jina la mchungaji kwa maana ya mtumishi wa kanisa laonekana mara moja tu, katika Waefeso sura ya 4, nalo limewekwa pamoja na kazi ya ualimu. Mahali pengine kanisa lisemwapo kuwa na Mchungaji, Mchungaji huyo ni Kristo mwenyewe. Lakini kazi ya kuchunga imeagizwa mara kwa mara: Petro aliagizwa na Bwana kando ya bahari, wazee wa Efeso waliagizwa na Paulo huko Mileto, na Petro naye aliwaonya wazee wenzake wasilichunge kundi kwa tamaa ya fedha wala kwa kujifanya mabwana. Basi katika Maandiko kazi yatajwa sana, na jina latajwa kidogo. Sisi twafanya kinyume.

Lakini tusidhani kwamba kosa ni kulitoa jina kwa haraka tu. Liko na kosa la pili, nalo ni la zamani zaidi: kumnyima jina yule ambaye kazi amekwisha kuifanya. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi, walipewa ushemasi huko pwani mwaka 1885, yaani miaka 41 baada ya Krapf kufika. Mwaka ule ule Askofu Hannington, aliyewapa daraja hiyo, aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani watu wa msafara waliosalia. Tena mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walipotolewa Tanganyika, huko Kilimanjaro waalimu Waafrika walibaki na kundi. Walihubiri, walifundisha, walizika wafu, waliwatuliza waliofiwa. Kazi yote ya kuchunga walikuwa nayo. Jina lilikuja baadaye.

Kosa hilo halijatutoka. Katika vijiji vingi mwinjilisti ndiye awafundishaye watoto wa kipaimara, ndiye aamshwaye usiku mgonjwa akizidiwa, ndiye apatanishaye mume na mke. Mchungaji mwenye mitaa mingi huja siku ya ubatizo na ya meza ya Bwana, kisha hupanda pikipiki akaenda zake, kwa kuwa wengine wamngoja. Hatumlaumu yeye. Twawalaumu wakuu wanaojua habari hii mwaka baada ya mwaka, wala hawafanyi shauri la kumsomesha yule mwinjilisti, kwa kuogopa gharama. Halafu hushangaa kondoo wakimfuata mgeni mwenye kipaza sauti!

Na mgeni huyo aweza kuleta msiba. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi wao walikufa kwa njaa, na kati yao walikuwamo watoto. Walikuwa wafuasi wa mhubiri aliyeitwa mchungaji katika kanisa alilolianzisha mwenyewe. Mwaka 2024 aliyakana mashtaka, na hukumu si yetu bali ni ya mahakama. Lakini swali moja latuhusu sisi sote: juu ya mtu yule palikuwa na nani wa kanisa mwenye uwezo wa kumwita, kumwuliza, na kumvua jina lake? Mtu aliyejipa jina mwenyewe, ni nani atakayemnyang'anya?

Wengine watatujibu: mtu akiitwa na Roho, wanadamu ni nani hata wamzuie? Jibu tunalipata katika Matendo sura ya 13. Paulo alikwisha kuitwa na Bwana mwenyewe njiani kwenda Dameski. Walakini hakutoka Antiokia kabla kanisa halijafunga, likaomba, likamwekea mikono pamoja na Barnaba. Ikiwa Paulo hakuona haya kutumwa na ndugu zake, sisi tuna nini cha kujivunia?

Wengine watasema: apewe aliyesoma. Elimu twaipenda, nasi waalimu hatuwezi kuidharau, kwa maana asiyejua kusoma Maandiko vema atawalisha watu maneno yake mwenyewe. Lakini cheti ni ushuhuda wa darasani tu. Apolo Kivebulaya wa Uganda alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mwaka 1896, akiwa mwalimu tu. Alipigwa huko na kutiwa kifungoni. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, na alifia Mboga mwaka 1933 kati ya watu wake. Kazi yake ilitangulia daraja yake, na daraja ilipokuja haikuibadili kazi.

Basi sisi twaona kwamba mtu apewe jina hili ikiwa maswali matatu yamejibiwa. La kwanza, je, liko kundi linalomjua, nyumba kwa nyumba, naye akalijua? Paulo amwambia Timotheo kwamba hata watu wa nje na wamshuhudie vema. Kwa hiyo aulizwe jirani, aulizwe na mwenye duka anayemdai. La pili, je, amefundishwa na kutumwa na kanisa, baada ya kujaribiwa kwa muda wa kutosha? Timotheo alikatazwa kumwekea mtu mikono kwa haraka. La tatu, je, wako wanaoweza kumrudi akikosa, naye akakubali? Kipimo ni hicho hicho kwa mwanamume, na kwa mwanamke pia katika makanisa yanayowabariki wanawake, kama lifanyavyo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania tangu mwaka 1991.

Asiyeweza kujibu hata moja, tusimwite mchungaji, hata akiwa na sauti nzuri na gari kubwa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na yule anayeweza kuyajibu yote matatu, naye angali aitwa mwinjilisti tu, wazee wa mtaa wasinyamaze. Waandike barua kwa wakuu wa kanisa, wakusanye sadaka ya kumpeleka chuoni, wamtunzie shamba na watoto hata arudi.

Ndugu zetu, jina ni mali ya kanisa, na kondoo ni mali ya Kristo. Tulitoe jina kwa uangalifu, maana siku moja tutaulizwa habari za kondoo.