Kabla ya Kugusa Bango, Soma Mkataba

Mwishoni mwa Novemba 2015, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Paris, abiria wa jiji hilo walifika vituoni wakakuta matangazo waliyoyazoea hayapo. Nyuma ya vioo vilevile kulikuwa na michoro iliyoyashutumu makampuni makubwa, yakiwemo yaliyoudhamini mkutano wenyewe. Kundi la Brandalism la Uingereza lilikuwa limekusanya kazi za wasanii 82 kutoka nchi 19 na kuweka mabango 600. Haya yalifanyika Ufaransa ikiwa chini ya hali ya hatari kufuatia mashambulizi ya 13 Novemba, maandamano yakiwa yamepigwa marufuku.

Kazi hiyo ilifana, na picha zake zikazunguka dunia. Hata hivyo, utaratibu uliozijaza barabara za Paris matangazo haukutikisika. Kwa vijana wa nchi mbalimbali wanaokutana kupanga kampeni dhidi ya matangazo ya biashara mitaani, swali la kiufundi ni hili: ni mbinu gani zilizoondoa mabango yasirudi?

Jibu linaanzia Lyon, Ufaransa, mwaka 1964. Jean-Claude Decaux aliupelekea mji huo pendekezo ambalo madiwani wengi duniani wameshindwa kulikataa tangu hapo: kampuni yake ingejenga vibanda vya kusubiria basi na kuvitunza bila mji kutoa hata senti, nayo ingeuza nafasi za matangazo kwenye vibanda hivyo. Ndivyo ilivyozaliwa JCDecaux, ambayo leo ni miongoni mwa makampuni makubwa kabisa ya matangazo ya nje duniani. Nguvu ya mpango huo iko kwenye mkataba. Mkataba una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, una idadi ya fremu na vipimo vyake, na una sahihi ya kiongozi aliyechaguliwa kwa kura.

Kundi la Kifaransa la Déboulonneurs, lililoanza mwaka 2005, lilitangulia kuelewa umuhimu wa vipimo. Wanachama wake waliandika kwa rangi ya kupuliza juu ya mabango mchana kweupe, nyuso wazi, kisha wakawasubiri polisi. Kushtakiwa kulikuwa sehemu ya mpango, kwa sababu mahakamani ndiko hoja yao ingesikilizwa na kuandikwa. Dai lao lilikuwa fupi: bango lisizidi sentimita 50 kwa 70. Mjadala wa kama matangazo yanaharibu jamii unaweza kukesha bila mwafaka, lakini sentimita 50 kwa 70 kila mtu anaweza kuzipima, na mbunge anaweza kuziandika kwenye sheria. Mwaka 2007 mahakama ya Paris iliwatoza washtakiwa faini ya euro 1. Tarehe 25 Machi 2013 mahakama hiyo iliwaachia huru wenzao wengine sita. Makundi ya nchi kadhaa sasa huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama siku ya kupinga matangazo.

Mji wa Grenoble, pia Ufaransa, ulikwenda mbali zaidi bila kopo la rangi. Mnamo Novemba 2014 utawala wa meya Éric Piolle ulitangaza kwamba hautaongeza muda wa mkataba na JCDecaux. Mabango 326 yakaondolewa, 64 kati yake yakiwa makubwa, na mji ukaahidi kupanda miti 50. Hapakuwa na kesi ya kuvunja mkataba wala fidia ya kulipa: muda ulikwisha, basi. Lakini matangazo kwenye vituo vya basi na tramu yalibaki, kwa kuwa vituo hivyo vilikuwa chini ya mamlaka ya usafiri yenye mkataba wake mwenyewe. Mji mmoja, mikataba miwili. Yeyote anayeiga Grenoble bila kuliona hilo atashangilia mapema.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Bristol, Uingereza, ambako kundi la Adblock Bristol lilianza mwaka 2017. Kampuni ikitaka kusimamisha skrini ya matangazo inaomba kibali kwa halmashauri, na mkazi ana haki ya kuweka pingamizi. Tatizo ni kwamba sheria za huko zinairuhusu halmashauri kupima mambo mawili tu: mandhari ya eneo na usalama wa watu. Yaliyomo kwenye tangazo hayahesabiwi. Barua ya hasira kwamba matangazo yanawafanya watu wanunue wasivyohitaji haina uzito hata chembe. Barua inayosema kwamba mwanga wa skrini utaingia vyumbani mwa nyumba zinazoitazama, au utamvuruga dereva anayekaribia kivuko, lazima ijadiliwe. Kundi lilifundisha majirani kuandika barua ya aina hiyo ya pili, na maombi kadhaa yakakataliwa. Mwaka 2021 halmashauri ya Bristol ilipitisha sera ya kuzuia matangazo ya kamari, pombe, mikopo ya riba kubwa na vyakula visivyofaa kwenye maeneo inayoyamiliki. Sera hiyo haigusi ardhi ya watu binafsi, lakini ni ushindi unaoshikika.

Hapa ndipo mabadilishano ya vijana yanapoweza kuleta tofauti. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya unagharimia mikutano ya vijana wa miaka 13 hadi 30, watu 16 hadi 60, kwa siku 5 hadi 21. Ni muda wa kutosha kuchora bango zuri, na ni muda wa kutosha pia kusoma mkataba mmoja mwanzo hadi mwisho pamoja na mtu anayejua sheria za mji. Shughuli ya kwanza inapendeza zaidi kwenye picha. Ya pili ndiyo inayostahili siku nyingi zaidi, kwani michoro kila kundi linaweza kuibuni kwao, ilhali ujuzi kama ule wa Bristol ni vigumu kuupata bila kukaa na waliokwisha kuutumia.

Suala hili haliishii Ulaya. Mwaka 2015 JCDecaux ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Continental Outdoor Media ya Afrika Kusini, kampuni yenye mabango katika nchi zaidi ya kumi za Afrika. Kijana wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anayekerwa na skrini inayowaka usiku kucha mbele ya dirisha lake ana mahali pa kuanzia: aende halmashauri, aulize nani alitoa kibali, kwa masharti gani, na muda wake unakwisha lini.