Saa Nyingi Juu ya Barafu Bila Kutikisika

Baridi ikimkamata mtu, mwili wenyewe humwambia la kufanya: tembea, piga miguu chini, sugua viganja. Mwindaji wa sili katika Aktiki ya Kanada hakuruhusiwa hata moja kati ya hayo. Sili, mnyama wa baharini anayepumua hewa kupitia matundu ya barafu, husikia vizuri mno, na barafu ya bahari hupeleka mshindo wa mguu hadi majini. Mwindaji akikanyaga ili apashe vidole vyake, sili aliyekuwa njiani kuja kupumua hugeuka na kwenda kutokea tundu jingine. Kwa hiyo mwindaji huyu hakuwa na njia ya kujiongezea joto. Kilichobaki ni kutolipoteza lile alilokuja nalo, pengine kwa saa nyingi, katika baridi ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri.

Nimewachagua Wainuit wa jamii ya Netsilik, wa eneo la Pelly Bay ambalo leo linaitwa Kugaaruk, katika eneo la utawala la Nunavut, kwa sababu kazi yao imeandikwa na kupigwa picha kwa makini. Mpelelezi Knud Rasmussen alikaa nao wakati wa Msafara wa Tano wa Thule, uliofanyika kati ya 1921 na 1924. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Asen Balikci alishiriki kutengeneza filamu ambamo Wanetsilik wenyewe wanarudia kazi za wazee wao hatua kwa hatua. Ukizitazama kwa utulivu utaona jambo ambalo wauzaji wa makoti ya baridi hawalisemi: vita na baridi huamuliwa kabla mtu hajaketi.

Tuanze na tundu, maana ndilo lililoweka masharti yote. Bahari inapoganda, sili hukwangua barafu kwa kucha za mapezi yake ya mbele na kuyaweka wazi matundu kadhaa ya kupumulia msimu mzima, hata barafu ikifikia unene wa mita 2. Juu yake theluji hufunika kila kitu. Mbwa ndiye anayelinusa tundu. Mwindaji huondoa theluji, huingiza kijiti kilichopinda ili apime umbo la tundu na ajue chusa kishuke wapi, kisha huirudisha theluji na kuacha upenyo mwembamba. Katika upenyo huo husimamisha kiashiria: kijiti chembamba cha mfupa, au unyoya laini uliofungwa kwa uzi wa ukano. Sili anapopanda, maji husukumwa juu na unyoya hutikisika kidogo tu. Chusa hushushwa hapo hapo, wima. Mwindaji hamwoni sili wala hana nafasi ya pili. Macho yake hayabanduki kwenye unyoya ule.

Kwa kuwa sili mmoja ana matundu mengi, wanaume walitoka pamoja na kila mmoja akashika lake. Wengi walirudi mikono mitupu. Vazi basi lilipaswa kumfaa hata yule ambaye sili hakumjia kabisa, aliyesimama au kuketi tangu mchana mfupi ulipoanza hadi giza.

Hesabu ya joto ni hii. Mwili uliotulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya kizamani. Mtu anayetembea kwa bidii kwenye theluji anaweza kutoa mara 4 ya hapo au zaidi. Nguo inayomtosha aliyeketi itamchemsha anayetembea. Atatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalomwadhibu atakapotulia, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Ninavyoona mimi, hatari kubwa kwa mwindaji ni ile nusu saa ya mwisho ya kwenda, anapoharakisha kwa hamu ya kufika.

Koti la Netsilik lilishonwa kwa kuijua hatari hiyo. Halikuwa na mwanya kifuani. Lilivaliwa kupitia kichwani. Hewa ya joto hupanda, na koti lisilo na mwanya mbele huishika kama ilivyo. Lakini mtu akianza kupata joto njiani, alirudisha kofia ya koti nyuma na kulegeza sehemu ya shingo. Hewa ya moto ikatoka juu, ya baridi ikaingia kutoka chini ya pindo pana. Akifika, alifunika kichwa na mtiririko ule ukakoma. Mabega yalikatwa mapana makusudi, ili mtu aweze kuchomoa mikono kutoka kwenye mikono ya koti na kuikunja kifuani, ndani, bila kuvua chochote. Sijaona glavu inayoshinda hilo.

Ngozi yenyewe ilikuwa ya karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu anayehama kwa makundi makubwa. Kila unywele wa manyoya yake una vyumba vidogo vya hewa ndani, hivyo hewa imefungwa kati ya nywele na pia ndani ya unywele mmoja mmoja. Wakati wa baridi kali walivaa tabaka mbili: la ndani manyoya yakielekea mwilini, la nje manyoya yakielekea upepo. Msimu wa kuwinda ulizingatiwa sana. Mapema kiangazi ngozi huwa imetobolewa na mabuu ya inzi wanaoishi chini ya ngozi ya mnyama. Katikati ya baridi manyoya huwa mazito mno na hufaa zaidi kwa matandiko. Ngozi za nguo zilitafutwa mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa vuli, majeraha yakiwa yamepona na manyoya yakiwa na urefu wa wastani.

Kisha ngozi hizo zilifika mikononi mwa wanawake, na hapa nataka kusema wazi kwamba sifa za uwindaji huu zimegawanywa vibaya. Mshono mmoja ulioachia begani ungemrudisha mwindaji nyumbani, au usingemrudisha kabisa. Uzi ulikuwa ukano wa mgongoni mwa karibuu, uliokaushwa na kuchanwa nyuzi nyembamba. Ukano ukilowa huvimba na kuziba tundu lililotobolewa na sindano, jambo la thamani kubwa hasa kwenye buti za ngozi ya sili zilizopaswa kuzuia maji. Ukingo wa kofia ulizungushiwa manyoya marefu, mara nyingi ya mbwa mwitu, ili pumzi igande hapo na barafu yake ipukutishwe kwa mkono badala ya kushikamana na uso.

Chini ya mwindaji kulikuwa na kazi nyingine. Alijikatia tofali la theluji la kukalia, na akihitaji alisimamisha mengine upande wa upepo. Theluji iliyoshikamana imejaa hewa, hivyo hunyonya joto la mtu polepole kuliko barafu tupu. Chini ya nyayo aliweka kipande cha ngozi yenye manyoya mazito. Kilifanya kazi mbili kwa pamoja: kilitenga miguu na barafu, na kilimeza sauti ya mguu unaposogezwa.

Sili akipatikana, wanaume walikusanyika na kula ini lake bichi pamoja na mafuta, pale pale. Ni tendo la heshima na la kugawana, lakini pia lina maana kwa mwili uliotumia akiba yake siku nzima kujipasha.

Jioni kazi ilikuwa haijaisha. Mvuke wa mwili huganda kati ya tabaka za nguo. Ukiingia nazo ndani barafu hiyo ikayeyuka, manyoya hulowa, na ngozi huanza kuoza. Kwa hiyo nguo zilipigwapigwa kwa fimbo kabla ya kuingia, chembe za barafu zikadondoka zikiwa bado kavu, na koti la nje likawekwa mahali penye baridi. Buti na glavu zilizolowa zilikaushwa juu ya taa ya mafuta ya sili, na buti zikalainishwa tena kabla ya safari ya kesho.

Mpelelezi wa Norwe, Roald Amundsen, alijifunza haya kwa Wanetsilik alipopitisha majira ya baridi katika bandari aliyoiita Gjøahavn, kuanzia 1903 hadi 1905, na alibeba nguo za manyoya alipoelekea Ncha ya Kusini, akafika Desemba 1911. Watu wa mpinzani wake Mwingereza, Robert Scott, waliofika mwezi uliofuata, walitegemea sufu na kitambaa cha pamba cha kuzuia upepo. Wengi humcheka Scott kwa hilo, nami siungani nao. Watu wake walivuta sleji kwa miili yao, manyoya yangewachemsha. Amundsen alikuwa na mbwa wa kuvuta, na hata kikosi chake hakikuvaa manyoya muda wote. Manyoya ni vazi la anayetulia.

Ndiyo maana mbinu hii inamfaa hata anayesubiri kulungu juu ya jukwaa la mti huko Minnesota, Marekani, mwezi wa Novemba. Koti zito libebwe mgongoni, lisivaliwe njiani. Atembee polepole kuliko anavyotamani. Akifika, abadilishe fulana iliyolowa, kisha ndipo avae koti, mwili ukiwa bado na joto la safari. Akalie kitu chenye hewa ndani, iwe godoro dogo la sponji au ngozi ya kondoo, na kipande kingine kiwe chini ya buti. Pombe aiache nyumbani: hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi yuko sawa huku joto la ndani likimtoka. Na asisokomeze soksi mbili nzito kwenye buti iliyomtosha kwa soksi moja. Zitabana damu na kuikamua hewa yote, na vidole vitakufa ganzi mapema kuliko vya mwenzake aliyevaa soksi moja ndani ya buti yenye nafasi.