Ngonjera, Mdahalo na Hukumu ya Ujamaa

Katika shule zetu za sekondari mada ya Ujamaa haiishi. Mwaka hata mwaka huandikwa ubaoni kwamba siasa ya Ujamaa ilifaulu, au kwamba ilishindwa. Wanafunzi wakagawanywa pande mbili, wakashindana kwa hoja, na mwishoni mikono ikahesabiwa. Makala haya hayakusudii kuongeza mkono upande wowote. Yanakusudia kuihakiki namna yenyewe ya kujadili, kwa kuwa mizani mbovu haitoi uzito wa haki, hata kama mpimaji ni mwaminifu.

Namna hiyo ya kujadili ina uhusiano wa karibu na fasihi yetu. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, washairi waliitikia wito wa kuieneza siasa mpya. Marehemu Mathias Mnyampala aliistawisha ngonjera, yaani ushairi wa kujibizana, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mwaka 1970 na 1971 vilikuta uwanja tayari shuleni. Hapana budi tuitendee haki fani hiyo. Iliutoa ushairi katika kurasa ikaurudisha hadharani, na hata mzee asiyejua kusoma aliweza kuyafuata mabishano na kuyafurahia.

Hata hivyo, fani hiyo ina kasoro ambayo mhakiki hawezi kuifumbia macho. Katika ngonjera za siasa, aghalabu mpinzani huumbwa ili ashindwe. Hupinga kwa sababu hajui. Akielezwa, hukubali, na wote wawili humaliza kwa sauti moja. Ni nadra kumkuta mkulima anayepinga akiwa na sababu nzuri, na ni nadra zaidi kumkuta Bwana Shamba akiondoka uwanjani yeye ndiye aliyefundishwa. Sisi tunaotunga mashairi na papo hapo tukala mshahara wa Serikali tunajua jinsi mwisho wa namna hiyo unavyopendeza masikioni mwa wageni rasmi. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Riwaya zilifuata njia nyingine. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Euphrase Kezilahabi anamchora Tumaini, mtu aliyetapanya mali, akatulia, akajenga upya maisha yake, kisha akamwua kiongozi wa serikali mali hiyo ilipotakiwa kuwa ya umma, naye akahukumiwa kifo. Msomaji hawezi kusahau kwamba tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa Ismani kwa risasi ya mkulima. Katika Gamba la Nyoka (1979), mwandishi huyo huyo anawapa wanakijiji wanaokataa kuhamishwa sababu zao, na anawapima pia Mamboleo na Mambosasa, vijana wasomi waliotegemewa kuujenga Ujamaa. Mwandishi hapigi kura. Anatuuliza kama nyoka aliyevua gamba amekuwa kiumbe kingine. Kwa maoni yetu, swali hilo lina manufaa kuliko lile la ubaoni, maana linatuondoa katika jina na kutupeleka kwenye matendo.

Na tuyatazame basi matendo, tukianzia Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Barabara itokayo hapo kwenda Matombo na Kisaki inapita katika nchi iliyotoa somo hili kabla ya Ujamaa kutangazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Lengo halikuwa baya. Lakini wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito, na kwamba ngazi zilifukua udongo usio na rutuba. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 zikazuka ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Yapata miaka hamsini baadaye, katika milima hiyo hiyo, wakulima wa upande wa Kibungo walifikia mapatano na watumiaji wa maji ya mto Ruvu, wakawa wanalipwa kwa kuuhifadhi udongo. Na miongoni mwa njia walizotumia zilikuwamo ngazi. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa.

Kosa la Matombo lilirudi likiwa limevaa nguo nyingine. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika wazi kwamba watu hawawezi kuendelezwa kwa nguvu, bali hujiendeleza wenyewe. Mwaka uliofuata, Chama cha Maendeleo Ruvuma, kilichoviunganisha vijiji kama Litowa vilivyoanzishwa na wanachama wenyewe, kikapigwa marufuku. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alitaja zaidi ya watu milioni 13 waliokuwa wakiishi vijijini, na katika maandishi hayo hayo akakiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya Ujamaa wala ya kujitegemea. Ungamo la kiongozi wa namna hiyo ndilo tunalolikosa katika ngonjera.

Sasa tushuke mjini. Katika miaka ya 1970 Morogoro ilijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Kuta zake za bati la alumini hazikufaa kwa joto la Morogoro. Hakikupata kamwe kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Anayesema Ujamaa ulishindwa hukitaja kiwanda hiki. Anayeutetea hujibu kwamba fedha na kibali vilitoka kwa mabepari. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Shirika la umma lilikopa bila kuwauliza wavaaji wa viatu. Benki ilikopesha bila kuwa mbia wa hasara. Deni lilibaki kwa wananchi.

Bigwa yenyewe ina mfano ulio tofauti. Kuanzia mwaka 1975 vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kujifunza kutoka nchi za Skandinavia na kwa msaada wa Sweden. Bigwa ikapata kimoja. Makusudio yalikuwa kijiji kimchague mtu wake, ajifunze ufundi, kilimo au uongozi, kisha arudi. Vyuo hivyo, ambavyo leo vinazidi 50, vimepungukiwa fedha na vimegeuza mitaala yao, lakini havikufa pamoja na siasa iliyovizaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika; mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliobaki walikuwa kama moja ya tano. Jambo hilo lisingewezekana kama mamilioni ya watu wasingekubali kukaa chini jioni, baada ya jembe, wakashika kalamu.

Wapo watakaodhani kwamba kwa maneno haya tunalisifu soko. La hasha. Mizani hiyo hiyo inalipima na lenyewe. Mwaka 2003 kazi ya kuwapatia maji wakazi wa Dar es Salaam, maji ya Ruvu hiyo hiyo inayopokea vijito vya Uluguru, ilikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water. Mwaka 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Mtumiaji wa maji hakuulizwa wakati wa kuingia, wala hakuulizwa wakati wa kutoka.

Hatusemi kwamba dhamira ya siasa haina maana. Nchi iliyojiwekea shabaha ya kumfundisha kila mtu kusoma haifanani na nchi isiyo na shabaha hiyo. Wala hatusahau ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, wala vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Haya yangeielemea siasa yoyote. Tunachosema ni kwamba neno moja, “ilifaulu” au “ilishindwa”, haliwezi kuyabeba yote hayo, na kijana anayezoeshwa kulibebesha atakuwa raia wa kushangilia au wa kuzomea tu.

Kwa hiyo twawaomba walimu waibadilishe mada. Badala ya siasa nzima, wanafunzi wapewe tendo moja: kijiji, kiwanda, duka la ushirika, zahanati. Waulize mambo mawili: nani alishauriwa kabla ya uamuzi, na nani aliwajibika baada ya hasara? Wakatafute majibu kwa wazee waliokuwapo, waliohama na waliohamisha. Na wakipenda kutunga ngonjera, watunge. Fani hiyo bado ina uhai. Ila mpinzani apewe sababu zake zote, na akishindwa kuridhika, aruhusiwe kuondoka uwanjani bila kuridhika.