Woga Uliopakatwa: Bembelezi na Hadithi za Watoto katika Milima ya Upare

Katika fasihi yetu ni shida kupata utungo uimbwao mara nyingi kuliko wimbo wa kumbembelezea mtoto, na ni shida vilevile kupata utungo uhakikiwao mara chache kuliko huo. Tenzi zimepimwa mizani na vina. Mashairi ya malumbano yamehifadhiwa pamoja na majina ya watunzi wake. Bembelezi hutajwa kwa mstari mmoja katika orodha ya tanzu, kisha mwandishi hupita. Makala haya yakusudia kusimama pale ambapo wengine hupita, na kwa mfano yatashika nchi ya Upare, yaani milima iliyopo baina ya Kilimanjaro na Usambara, ambayo siku hizi imegawanyika katika wilaya za Mwanga na Same. Swali letu ni hili: kwa nini mzazi ampendaye mwanawe humwimbia na kumsimulia mambo ya kutisha?

Yafaa tuanze na vitabu viwili. Wamisheni wawili wa Kijerumani, walioishi Upareni katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, waliandika habari za mila na desturi za watu wa huko. Jakob Dannholz wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, aliyekaa Mbaga, kitabu chake kilitoka mwaka 1916. Ernst Kotz wa misheni ya Waadventista Wasabato, ambaye mwaka 1909 alikuwa amekwisha kutoa sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, alitoa kitabu chake mwaka 1922. Tuyatazame majina ya vitabu hivyo. Cha Dannholz chaitwa Im Banne des Geisterglaubens, yaani Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu. Cha Kotz chaitwa Im Banne der Furcht, yaani Katika Kifungo cha Woga. Watu wawili wa makanisa mbalimbali walitafuta neno la kuwaeleza Wapare kwa wasomaji wa Ulaya, na wote wawili wakaliona lilelile: kifungo.

Hatusemi kwamba watu hao walikuwa waongo. Walijifunza lugha, walikaa na watu, na mengi waliyoyaandika yamewafaa wanahistoria waliokuja baadaye. Lakini jina la kitabu ni hukumu, na hukumu hii yatuhusu sisi wahakiki kwa sababu imeendelea kukaa ndani yetu bila ya sisi kuitambua. Mtu asomaye leo katika karatasi maneno ya bembelezi au ya hadithi ya zimwi huyaona yamejaa vitisho, akasema kwamba wazee wetu waliwalea watoto kwa kuwatisha. Ama huona haya na kuyaficha, ama huyasafisha kabla ya kuyatia katika kitabu cha shule. Twadai kwamba hukumu hiyo hutokana na kosa la kusoma. Msomaji ameyapata maneno, lakini hakuyapata mapaja.

Na tueleze maana ya neno hilo. Bembelezi za Kiswahili, na za lugha nyingi zilizo jirani nacho, hurudia mambo machache. Mtoto huambiwa anyamaze. Huambiwa kwamba mama amekwenda shamba au kisimani na atarudi na kitu cha kula. Huambiwa kwamba akiendelea kulia atasikiwa na fisi, au na mtu mbaya apitaye njiani. Tukiyaandika hayo katika karatasi twapata habari ya mtoto aliyeachwa, na mnyama aliye karibu. Sasa na tumtazame aimbaye. Ni mama yuyo huyo, au bibi, au dada mkubwa, na mtoto yu mgongoni mwake katika mbeleko, kifua chake kimeuegemea mgongo wa mwimbaji, naye hupokea mtikisiko wa kila hatua na mvumo wa kila neno kabla hajalielewa. Maneno yasema, "mama hayupo," na mwili wasema, "mama yupo." Maneno yasema kwamba fisi anakuja, na mkono wapigapiga polepole mgongo wa mtoto kwa mapigo yasiyo na haraka yoyote. Hapa pana kinaya, na kinaya hicho ndicho uzuri wa utanzu huu. Maana yake haimo katika maneno peke yake wala katika mwili peke yake. Imo katika kupingana kwao, na mtoto ndiye shahidi wa kwanza kwamba mwili umeshinda.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alitufundisha kwamba fasihi hiyo ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, mahali na wakati ni sehemu ya utungo kama yalivyo maneno. Wanafunzi wetu wameikariri kanuni hiyo vizuri, ila wengi huikumbuka wanapoeleza ngoma na jando, na huisahau wanapofika kwa mtoto mchanga, kwa sababu hawamhesabu kuwa ni hadhira. Wamekosea. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa siku chache tu zilizopita huitambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Hadhira ya bembelezi, basi, ni hadhira iliyomzoea fanani wake tangu tumboni. Haifahamu neno hata moja, lakini yamfahamu asemaye. Mshairi gani wa diwani amepata msikilizaji wa namna hiyo?

Labda mtu atasema kwamba vitisho hivyo ni vya kubuni tu, visivyo na asili. Kwa Upareni sivyo. Chini ya milima, upande wa mashariki, ipo nyika ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008, yenye simba, chui na fisi. Mnyama wa hadithi alikuwa na jamaa zake katika nyika ileile ambayo mtoto aliiona kutoka mlangoni kwao. Na yule mtu mbaya apitaye njiani naye hakutoka katika ndoto. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotolewa mwaka 1969, ameeleza jinsi misafara ya biashara na utekaji wa watu vilivyoivuruga nchi hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mama aliyemwimbia mtoto kwamba asilie asije akasikiwa hakuwa akicheza na maneno. Alikuwa na woga wa kweli, naye aliutia katika wimbo ili mtoto aupokee ukiwa umekwisha kupozwa.

Tutoke mgongoni, twende mekoni, maana mtoto hukua na bembelezi huacha nafasi yake kwa hadithi. Jioni, makande yakiwa bado yachemka juu ya mafiga, na ukungu wa milimani umekwisha kushuka mpaka vizingitini, hapo ndipo zimwi huingia. Edward Steere, aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzitoa katika kitabu mwaka 1870, alisema katika dibaji yake jambo ambalo wengi wamelipita: kwamba hadithi hizi huwa na wimbo ndani yake ambao wasikilizaji wote hujiunga kuuimba, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo, na yaliyobaki msimulizi huyaunga kwa maneno yake mwenyewe. Alilolisema juu ya Unguja hulisikia pia akaaye mekoni bara. Basi tufikiri maana yake kwa mtoto wa miaka mitano. Zimwi linapokaribia, msimulizi hanyamazi amwache mtoto na hofu yake, humwita aimbe. Mara nyingine wimbo huo ni wa zimwi lenyewe. Mtoto hulitisha kwa sauti yake lile lililokuja kumtisha, na baada ya kuisikia hadithi mara nne au tano yeye ndiye amsahihishaye bibi aliyeruka kipande. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika hadithi ya mekoni mambo yamepinduka: mtoto ndiye alijuaye zimwi, hata alidai kila jioni.

Jambo hili si la Upareni tu, wala si la Afrika tu. Mwaka 1928 mshairi wa Kihispania, Federico García Lorca, alitoa mhadhara mjini Madrid juu ya bembelezi za nchi yake, naye alistaajabia jinsi zilivyojaa huzuni na kitisho. Alieleza kwamba dude la kutishia watoto wa huko, liitwalo coco, lina nguvu kwa kuwa halina umbo linalojulikana. Zimwi letu nalo ni hivyo. Kila msimulizi hulipa umbo lake. Wala hakuna aliyewaandikia Wahispania kitabu cha kuwaita wafungwa wa woga kwa sababu ya nyimbo za mama zao.

Hata hivyo, mhakiki asiwe wakili asiyetaka kusikia shahidi wa upande wa pili. Ni jambo lililoandikwa, wala halifichiki, kwamba Upareni zamani, kama katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi, na aliweza kuuawa. Wamisheni wale walipoandika neno woga, hayo nayo walikuwa nayo machoni. Je, hoja yetu haianguki hapo? Mwanamke aliyeimba jioni aliweza kuyachungulia meno ya mwanawe asubuhi kwa moyo unaodunda.

Haianguki, lakini yatulazimu tupambanue. Woga wa kigego ulikuwa sheria. Ndani yake mtoto alikuwa kitu cha kuamuliwa. Hakuulizwa, hakujibu, wala mama hakuwa na nafasi ya kugeuza neno. Woga wa hadithi ni mchezo. Ndani yake mtoto ni mjibuji, na zimwi haliwezi kupiga hatua bila ya kiitikio chake. Kosa la vitabu vile viwili si kuuona woga, bali ni kuuweka woga wa aina zote chini ya jina moja. Na hasara yake ni kubwa: aliyeisadiki hukumu ile aliweza kuyatupa mambo mawili kwa pamoja, lile la kuua na lile la kulea. La kwanza lilistahili kutupwa. La pili lilikuwa dawa ambayo nyumba zile zilijitengenezea zenyewe.

Tuje kwa siku zetu. Mji wa Same umekaa uwandani, kando ya reli na barabara kuu iendayo Moshi. Watu wa makabila mengi huishi humo, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, ofisi na shule ya msingi. Si ajabu kumkuta mama aliyebembelezwa kwa Chasu huko juu milimani akimlea mwanawe kwa Kiswahili huku chini. Sisi tuandikao katika kurasa hizi twakipenda Kiswahili na twafurahia kuenea kwake, lakini haifai furaha hiyo ituzibe macho. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto wachanga hutulia hata kwa bembelezi za lugha za kigeni. Basi Chasu hakimhusu mtoto mchanga kwa ajili ya maana, chamhusu mama. Mtu hubembeleza vizuri kwa nyimbo alizobembelezwa nazo, kwa kuwa mwili wake wazikumbuka pamoja na mapigo yake. Akiziacha kwa kuona haya, mara nyingi hachukui za Kiswahili badala yake. Hunyamaza, akampa mtoto simu. Na simu ina sauti na ina picha za mazimwi, lakini haina mgongo. Humo woga hurudi kuwa kama ulivyoandikwa katika karatasi, yaani woga mtupu.

Shule nayo yahitaji kusemwa. Hadithi ya zimwi ikiingia katika kitabu cha darasa hupewa mkia uitwao funzo, na mtoto huulizwa imemfundisha nini. Utii, hujibu, au bidii. Jibu hilo hupata alama, ila halikuwamo mekoni. Mekoni hakuna aliyeuliza funzo. Mtoto alijifunza kwamba jambo la kutisha laweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu wampendao, likaisha, wakala makande, wakalala. Sijui funzo lililo kubwa kuliko hilo kwa mtu atakayeishi duniani.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu waendao Suji, Mbaga, Usangi au Gonja kukusanya fasihi simulizi wasirudi na maneno peke yake. Waandike ni nani aliyeimba, na mtoto alikuwa mgongoni, mapajani au mkekani. Waandike mapigo ya mkono, na mahali sauti iliposhuka. Waandike mtoto alijibu nini, hata kama jibu lake lilikuwa kucheka, au kulala kabla zimwi halijafika. Wakiwa na watoto wao wenyewe, wawaimbie kwanza, kisha ndipo waandike.